Msitu Unaosikika: Mjadala wa Butembo na Beni

Tangu Oktoba 2014 msitu unaoizunguka Beni, mashariki mwa Kongo, umekuwa njia ya wauaji. Oicha, Mbau na Eringeti zimezika watu wao. Rwangoma, mtaa wa mji wenyewe, ilivamiwa usiku wa tarehe 13 Agosti 2016. Baadaye mauaji yakafika sekta ya Ruwenzori, kwenye barabara ya kwenda Kasindi. Na miaka yote hiyo mwanafunzi wa fasihi wa Butembo na Beni ameendelea kusomeshwa mashairi ya Wafaransa na Waingereza wa mwisho wa karne ya 18 na wa karne ya 19, wale wanaoitwa Waromantiki, ambao kwao ziwa, mlima na mti vilikuwa wasikilizaji wa moyo wa mtu. Ushairi huo una kazi gani hapa? Mtu aliyemkimbia muuaji akitokea msituni, anaweza kuuimba msitu huohuo bila kusema uongo?

Nimewaketisha hapa watu wanne niliowatunga mwenyewe. Mwalimu anafundisha fasihi ya Kifaransa Butembo, na ameshazeeka darasani. Mwanafunzi ni binti wa Oicha anayesoma chuo kikuu Butembo. Mwimbishaji anaongoza kwaya ya parokia Beni. Mama alikuwa na shamba la kakao karibu na Bulongo, sasa amepanga chumba Beni. Nitaingilia kati nitakapoona lazima, wala sitajifanya sina upande.

MWALIMU: Nianze na Lamartine, mshairi Mfaransa, maana ndiye ninayewafundisha wanangu kila mwaka. Mwaka 1816 alikutana na mwanamke mgonjwa, Julie Charles, kando ya Ziwa Bourget. Wakaahidiana kuonana tena mwaka unaofuata. Mwaka ulipofika mwanamke hakuweza kusafiri. Lamartine akafika ziwani peke yake. Desemba 1817 Julie akafa. Shairi lake juu ya ziwa hilo likachapishwa mwaka 1820. Ndani yake anayaomba maji, majabali na miti yatunze kumbukumbu ya siku zile, kwa kuwa vitu hivyo vinadumu na sisi tunapita. Nani hapa Beni hajawahi kupitia mahali alipowahi kukaa na marehemu wake, akashangaa kuona kijito bado kinatiririka?

MWANAFUNZI: Mwalimu, shikamoo na heshima yako, lakini ziwa la huyo bwana halikuwa na watu wenye bunduki. Sisi tuna Ziwa Edward. Mvuvi wa Kyavinyonge akisukuma mtumbwi wake, analiomba ziwa samaki na kurudi nyumbani mzima. Haliombi litunze kumbukumbu. Ushairi huu ni wa mtu aliyekuja kutembea, akaondoka. Na huyo Mwingereza Wordsworth ndiye mbaya zaidi. Mwaka 1798 alisimama juu ya mto Wye, karibu na magofu ya abasia ya Tintern, akaona moshi ukipanda kati ya miti, akawaza wazururaji au mtawa aishiye pangoni. Bonde lile wakati ule lilikuwa na viwanda vya chuma, na msituni watu walichoma makala ya kulisha tanuru. Mimi nikiona moshi ukipanda kando ya mbuga ya Virunga, najua ni makala, najua kuna mtu amejipaka masizi mpaka kwenye kope, na najua kuna wenye silaha wanaomtoza ushuru njiani. Mshairi asiyeyaona haya, macho yake yana kazi gani?

MWALIMU: Hapo umempiga penyewe, binti, sitamtetea. Ila usimfanye mtu wa amani. Alikuwa Ufaransa wakati wa mapinduzi, akapata mtoto wa kike huko, na vita vya mwaka 1793 vikamtenga na mtoto yule kwa miaka. Alipokuwa anaandika juu ya mto, alikuwa mtu aliyeona matumaini yake ya siasa yakizama kwenye damu. Na Keats je? Alisomea udaktari London katika hospitali ya Guy's. Alimuuguza mdogo wake Tom kwa kifua kikuu mpaka akakata roho, Desemba 1818. Miezi michache baadaye ndipo alipoandika shairi lake la ndege aimbaye usiku. Ugonjwa uleule ukamuua mwenyewe Roma, Februari 1821, akiwa na miaka 25. Na wakuu wa mji wakaamuru samani za chumba chake zichomwe moto, kwa hofu ya ambukizo.

MAMA: Walichoma na godoro?

MWALIMU: Walichoma kitanda na vyote vilivyokuwemo, Mama.

MAMA: Basi namjua huyo kijana. Mwaka 2018 walichoma godoro la dada yangu uani, sisi tumesimama nje ya kamba. Hatukumwosha, hatukumgusa. Waliovaa nguo nyeupe walimbeba ndani ya mfuko, na sisi tulibaki na midomo tu. Tukaimba. Tuliimba kutoka huku ng'ambo mpaka gari likaondoka. Mimi sikujua kama mshairi wa Wazungu naye alichomewa kitanda.

Niseme neno hapa. Ebola ilitangazwa rasmi tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina, ikapita Beni na Butembo, na ilipotangazwa kuisha Juni 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Katika maziko ya wakati ule mikono ilifungwa: hapana kuosha, hapana kukumbatia. Sauti peke yake ndiyo iliyoruhusiwa kumfikia marehemu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba wimbo ni pambo la msiba, namrudisha kwenye kamba ile aliyosimama Mama. Kwa miezi mingi wimbo ulikuwa ndio maziko yenyewe.

MWIMBISHAJI: Nami nataka kuanzia hapo kwenye sauti, maana naona Mwalimu na binti wote wawili wanabishania macho. Nani ameona nini, nani hakuona. Huku kwetu msitu hauonekani! Ingia Ituri hatua hamsini, mbele yako ni majani, nyuma yako ni majani. Msitu unasikika. Kuna Mwingereza, Colin Turnbull, aliyekaa na Wambuti, watu wa msitu huo, huko Epulu miaka ya 1950 na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1961. Anasimulia alivyomchukua kijana wa Kimbuti, Kenge, mpaka Ishango, pale Semliki inapotoka Ziwa Edward. Kenge akatazama uwandani, akaona nyati mbali sana, akauliza wale ni wadudu gani. Hakuwahi maishani kutazama kitu kilicho mbali namna ile. Macho yake yalifundishwa na miti iliyo karibu. Lakini masikio yake, jamani! Turnbull huyohuyo anaeleza jinsi watu wale walivyoimba sauti juu ya sauti, kila mmoja akishika kipande chake, mpaka mgeni hajui wimbo unaanzia kwa nani.

MWANAFUNZI: Lakini Papa, hapo nawe unatuletea Mzungu atuambie sisi ni nani.

MWIMBISHAJI: Namleta kwa sababu aliandika jambo ambalo wazee wetu wanalijua na vijana mmelisahau. Wambuti walikuwa na wimbo mkubwa wa usiku, molimo. Walimweleza hivi: mambo yakienda vizuri, ni kwa sababu msitu unawaangalia watoto wake. Mambo yakiharibika, mtu akifa, mawindo yakikosekana, ni kwa sababu msitu umelala. Basi unaimbiwa uamke, na unaimbiwa wimbo mzuri ili uamke na furaha. Sasa linganisha na mashairi ya Mwalimu. Shelley, mwaka 1819, anauomba upepo wa magharibi umfanye kinanda chake, umpige yeye kama unavyoupiga msitu. Coleridge kabla yake aliandika juu ya kinubi kinachowekwa dirishani ili upepo ukichezeshe. Kwao mtu ni chombo, na maumbile ndiyo mpigaji. Kwa Wambuti msitu ndio unaosikiliza, na mtu ndiye mwimbaji. Hiyo ni tofauti kubwa sana! Mmoja anangoja kufarijiwa, mwingine anakwenda kuamsha.

Sina budi kukiri kwamba hoja hii imenikamata. Kwa muda mrefu tumefundishwa kuusoma ushairi wa maumbile kama mtu anayepokea: anatazama, anaguswa, anaandika. Coleridge mwenyewe aliona kasoro yake. Mwaka 1802, akiwa na huzuni nzito, aliandika kwamba maumbile hayana cha kutupa ila kile tulichoyapa sisi. Aliona nyota na mwezi, akakiri kwamba uzuri wao anauona lakini hauhisi. Watu wa Beni wanaifahamu hali hiyo vizuri kuliko mhakiki yeyote. Asubuhi inapendeza, na haisemi kitu. Coleridge alikwama hapo, peke yake chumbani. Wimbo wa wengi haukwami hapo, na sababu yake Mwimbishaji ataieleza vizuri kuliko mimi. Lakini kwanza Mama anataka kusema juu ya kusikia.

MAMA: Shamba la kakao lina giza hata saa sita za mchana. Kakao inapenda kivuli. Juu yake tunaacha miti mirefu, na majani makubwa ya kakao yakianguka yanakauka yakitandaa ardhini. Ukitembea juu yake yanavunjika, krrr, krrr. Zamani niliipenda sauti hiyo, maana ilikuwa ya mume wangu akija na panga na kikapu. Tulipasua matunda pamoja, tukaweka mbegu chini ya majani ya ndizi zichachuke, siku tano, siku sita, na harufu yake kama pombe changa. Halafu vita vikaja, na wenye silaha wakapenda kuja wakati wa mavuno. Nikajifunza upya kusikiliza. Majani yakivunjika, nahesabu: ni miguu mingapi? Ndege wakinyamaza wote kwa mara moja, naacha kikapu nakimbia. Sasa niambieni ninyi wenye masomo, huo msitu niuimbe vipi? Siuchukii. Ulinisomeshea watoto. Lakini siwezi kuuita mama yangu.

MWANAFUNZI: Umemsikia, Mwalimu? Hilo ndilo shairi. Halina ziwa wala mwezi.

MWALIMU: Nimesikia, na nakubali ni shairi. Lakini ngoja nimlete mtu mmoja tu, baada ya hapo nitanyamaza. Victor Hugo alikuwa na binti, Léopoldine. Tarehe 4 Septemba 1843 alizama mto Seine pamoja na mume wake, miezi michache baada ya harusi. Hugo alikuwa safarini. Habari aliisoma gazetini. Miaka ikapita ndipo akatunga shairi la safari ya kwenda kaburini. Anavuka msitu, anavuka mlima, ameinamisha mgongo. Jua linazama kwa rangi ya dhahabu, mashua zina matanga kwa mbali, na yeye anasema hatatazama. Unaona, binti? Mkuu wa Waromantiki wote wa Ufaransa, na katika msiba wake mkubwa anapita katikati ya uzuri amefumba macho. Uzuri anautaja ili tujue kiasi cha alichokikataa. Ushairi ule si wa watalii. Unaweza kusema hapana.

MWANAFUNZI: Hili hukutufundisha hivyo, au mimi sikusikia. Tulikariri tu kwa ajili ya mtihani wa serikali. Hugo huyo naweza kwenda naye Oicha.

MAMA: Mimi nilitazama.

MWALIMU: Pole, Mama. Ulitazama nini?

MAMA: Tulipokuwa tunazika, mawingu yalifunguka, na Ruwenzori ikatoka yote mpaka theluji. Unajua wewe mlima ule, mwezi mzima waweza kupita haujajionyesha. Ukatoka siku ile. Nilikasirika. Nikasema, wewe unatoka leo? Lakini nilitazama mpaka mawingu yakafunga. Huyo baba hakutazama, nami sitamlaumu. Ila msiniambie mfiwa hana macho.

Hapa ndipo upande wangu ulipo. Mwaka 1856 mhakiki wa Kiingereza, John Ruskin, aliwakosoa washairi wanaovitia vitu hisia za watu, kana kwamba wingu lina huzuni na wimbi lina hasira. Alisema hayo ni mazao ya moyo uliozidiwa, unaoshindwa kuona sawasawa. Lakini Mama hakusema mlima umehuzunika. Aliukasirikia kwa kuwa haukuhuzunika. Aliuona sawasawa kabisa, na moyo wake ulikuwa umezidiwa kabisa, vyote kwa wakati mmoja. Mshairi wa Beni na Butembo anahitaji uwezo huohuo: hofu na uzuri vikae katika ubeti mmoja, na kisifutwe kimoja ili kingine kipumue. Anayeandika theluji tupu amewaacha wafu. Na anayeandika damu tupu, namwambia bila kuogopa lawama, amewapa wauaji mlima pia.

Kuna jambo jingine ambalo Lamartine hangeweza kulijua. Aliyakabidhi majabali kumbukumbu yake akiamini kwamba hayazeeki. Duki wa Abruzzi, Mwitalia, alipopanda Ruwenzori mwaka 1906, barafu yake ilikuwa na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 6. Mwaka 2003 ilibaki chini ya 1. Kilele cha Margherita bado kina mita 5,109, lakini theluji aliyoikasirikia Mama inaondoka, na huenda wajukuu wake wasiione. Msitu nao unaondoka gunia kwa gunia. Ukimpa mlinzi anayekufa kumbukumbu yako aitunze, nani ataitunza ya kwake?

MWIMBISHAJI: Wimbo ndio utatunza, na si kwa sababu ni mtamu. Binti ana wasiwasi, nauona usoni mwake.

MWANAFUNZI: Nina wasiwasi kweli, Papa. Nimesikia nyimbo nyingi za amani. Ngoma nzuri, sauti nzuri, watu wanacheza, na kesho yake Eringeti inazika tena. Ukilipamba jambo baya kwa sauti nzuri, watu wanalizoea. Mimi naogopa kuzoea kuliko ninavyoogopa kulia.

MWIMBISHAJI: Njoo mazoezini Jumamosi, utaona jambo moja. Kwaya yangu ina watu waliofiwa, karibu wote. Tukifika mahali pazito katika wimbo, sauti ya mtu inakatika. Hawezi kuendelea. Akiwa peke yake wimbo umekwisha hapo, na kilio kinamkaba. Lakini jirani yake ameshika noti ileile. Anaibeba mpaka mwenzake avute pumzi, arudi. Ubeti unaofuata labda ni zamu ya jirani kukatika, na yule wa kwanza ndiye anayebeba. Washairi wa Mwalimu walikuwa wakubwa, siwavunjii heshima, lakini walikuwa peke yao na upepo. Hakuna aliyewashikia noti. Na endara yetu ni hivyohivyo. Marimba ile ya magogo, tunayocheza sisi Wanande na ndugu zetu Wakonzo wa ng'ambo ya Ruwenzori, haichezwi na mtu mmoja. Wanasimama kadhaa, kila mmoja na pigo lake dogo, na ukimwondoa mmoja wimbo unapata tundu. Hapo hakuna kuzoea, binti. Tundu linasikika.

Waswahili wa pwani wanalijua hili kwa njia yao. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliishi wakati uleule wa Wordsworth na Keats, na mashairi yake yalikuwa ya kuimbwa na kujibiwa, mtu na mtani wake, mji na mji. Mizani na vina vilikuwepo ili sauti ya mwingine ipate pa kuingilia. Ushairi wa faragha, wa mtu na daftari lake, kwetu umekuja nyuma. Sisemi ni mbaya. Hugo ameshatuonyesha nguvu yake. Nasema kwamba mtu wa Butembo akichukua kalamu leo, ana urithi wa pande zote mbili, na halazimiki kuchagua upweke kwa sababu kitabu cha shule kilimpa upweke.

MWANAFUNZI: Basi nitaandika, Papa, kwa ajili ya misa ya kumbukumbu. Lakini kwa masharti. Sitauita msitu mama, wala adui. Nitaweka sauti ya majani ya kakao yakivunjika. Nitaweka ndege walionyamaza.

MWIMBISHAJI: Hapo waliponyamaza, na kwaya itanyamaza. Mapigo manne mazima, hata mguu usisogee.

MWALIMU: Na mlima?

MWANAFUNZI: Mlima utakuwa kwenye kiitikio, Mwalimu, lakini kwa namna ya Mama: utatoka, na tutauliza kwa nini umetoka leo. Na nataka majina ya waliokufa. Siyo "ndugu zetu", siyo "wahanga". Majina.

MWIMBISHAJI: Mimi nataka mizani nane kila mstari, binti, la sivyo sauti ya pili itanipotea. Majina yataingiaje?

MWANAFUNZI: Hesabu mwenyewe. Kambale na Kasereka.

MWIMBISHAJI: Ka-mba-le na Ka-se-re-ka. Nane! Haya, endelea.

MAMA: Ngojeni kidogo. Kambale yupi? Kwetu kila mvulana wa pili kuzaliwa ni Kambale, kila wa tatu ni Kasereka. Mkiimba hivyo, kila nyumba itadhani mmemwimba wa kwao, na kila nyumba itadhani mmemsahau.

MWANAFUNZI: Basi kila jina na mahali pake, Mama. Kasereka wa Bulongo. Kavira wa Eringeti.

MWIMBISHAJI: Nane, na nane. Hao wa Rwangoma?

MWANAFUNZI: Hao nawajua kwa majina ya ubatizo. Nitakwenda nyumba kwa nyumba kuuliza ya waliobaki, na nitaanza na upande wa Mbau.

MAMA: Upande wa Bulongo nitakwenda nawe mimi. Majina mengine hawatampa mgeni.